Tutazame Madagaska kabla ya kutia mbegu ardhini

Kwa Mhariri,

Mwanzoni mwa Mei 2024, ufunguzi wa shule ulipoahirishwa nchi nzima kwa sababu ya mafuriko, na huku redio zikitangaza kwamba kimbunga Hidaya kinaikaribia pwani ya Afrika Mashariki, wanafunzi wangu kadhaa wa Jiografia hapa Kisumu walinipigia simu wakiwa na swali moja: je, kimbunga hicho kitafika kwetu? Mmoja wao aliniambia kwamba nyanya yake kule Nyando alikuwa amekwisha kuhamisha mbuzi na magunia ya mpunga hadi kwa jirani anayeishi mwinukoni. Niliwajibu kwamba hakitafika, na jibu langu lilikuwa sahihi. Lakini kila nikilikumbuka naona kwamba lilikuwa fupi mno, kama zilivyo fupi habari tunazopewa sisi watu wa magharibi ya Kenya kila kimbunga kinapozuka katika Bahari Hindi. Tunaambiwa kwamba hakitufikii, na mazungumzo yanakwisha papo hapo. Ninaandika barua hii kwa sababu vimbunga hutufikia, tena mara nyingi kuliko tunavyodhani, kwa njia ya mvua inayozidi au mvua inayokosekana, na mkulima wa mahindi wa Bungoma au wa mpunga wa Ahero anastahili kulielewa jambo hilo kabla hajatia mbegu ardhini.

Nianze na chanzo cha kimbunga, kwa kuwa bila kukijua chanzo hicho mengine hayaeleweki. Kimbunga huzaliwa baharini, mahali ambapo maji ya juu yamepata joto la nyuzi 26.5 za Selsiasi au zaidi, na joto hilo limeshuka hadi kina cha mita 50 hivi, kiasi kwamba mawimbi yakiyakoroga maji hayapandishi baridi ya chini upesi. Bahari ya namna hiyo hutoa mvuke mwingi. Mtu yeyote aliyewahi kufunua sufuria inayochemka na kuunguzwa na mvuke anajua kwamba mvuke hubeba joto jingi lililofichika, na kwamba joto hilo huachiliwa pale mvuke unapogusa ngozi na kurudi kuwa maji. Angani mambo huwa hayo hayo kwa kiwango kikubwa mno: mvuke hupanda, hukutana na baridi, hugeuka kuwa matone ya wingu, na joto lake hubaki ndani ya wingu lenyewe. Hewa iliyopashwa moto hivyo huwa nyepesi na kuzidi kupanda, mgandamizo wa hewa karibu na uso wa bahari hushuka, na hewa ya pande zote hukimbilia pale palipopungua, ikizoa mvuke mwingine njiani. Kimbunga basi hujilisha chenyewe maadamu kiko juu ya bahari yenye joto, na maadamu upepo wa juu haupishani sana na ule wa chini, kwa maana ukipishana mnara wa mawingu huinamishwa na kuvunjika kabla haujakomaa. Kikitua nchi kavu hudhoofika kwa sababu kimekatiwa chakula, ingawa mvua iliyomo ndani yake huweza kuendelea kumwagika kwa siku nyingi.

Joto pekee, hata hivyo, halitoshi. Ikweta hupita Maseno, mwendo mfupi kutoka Kisumu kwa barabara ya Busia, na mstari huo ndio unaotulinda. Kwa kuwa dunia inazunguka, hewa inayosafiri kuelekea mahali penye mgandamizo mdogo hupindishwa, kushoto katika nusu ya kusini ya dunia na kulia katika nusu ya kaskazini, na kupinda huko ndiko kunakoifanya izunguke kama mawe ya kinu badala ya kwenda moja kwa moja na kulijaza pengo. Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis aliieleza hesabu ya nguvu hiyo mwaka wa 1835, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Kwenye ikweta yenyewe nguvu hiyo ni sufuri, na hadi umbali wa nyuzi tano hivi za latitudo, kusini au kaskazini, ni hafifu mno hata mawingu makubwa ya radi hushindwa kujikusanya kuwa kimbunga. Hapa niwaombe walimu wenzangu waache kuwapeleka watoto Nanyuki kutazama maji yakizunguka kwenye beseni upande huu na upande ule wa ikweta kana kwamba huo ni ushahidi. Nguvu ya Coriolis hutawala mifumo ya hewa yenye upana wa mamia ya kilomita, na haina uwezo wowote wa kuonekana katika beseni.

Pwani yote ya Kenya, kuanzia Kiunga hadi Vanga, imo ndani ya nyuzi hizo tano, na zaidi ya hapo, vimbunga vya kusini mwa Bahari Hindi vikishazaliwa huelekea magharibi na kisha kupinda kusini, yaani huzidi kuiacha ikweta nyuma. Hiyo ndiyo bahati ya Mombasa na Lamu. Nimeiita bahati kwa makusudi. Mwezi Desemba 2001 kimbunga Vamei kilizuka karibu na Singapore, nyuzi 1.4 tu kaskazini ya ikweta, mahali ambapo vitabu vilikuwa vikisema haiwezekani. Na karibu nasi zaidi, mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, ambayo iko nyuzi sita tu kusini ya ikweta, kikang'oa mikarafuu na minazi kwa wingi na kuzizamisha merikebu za Sultani Barghash zilizokuwa bandarini. Pemba haikuumia kama Unguja, na hiyo ni sababu mojawapo iliyokifanya kisiwa hicho kuwa kitovu cha karafuu. Lindi nayo ilipigwa mwezi Aprili 1952. Hidaya, jina ambalo Mswahili yeyote analielewa, kilifika Kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024 kikiwa kimekwisha kudhoofika.

Neno moja kuhusu majina. Kile ambacho Wamarekani huita hurricane, na watu wa Japani na Ufilipino huita typhoon, ndicho hiki hiki chetu cha Bahari Hindi. Tofauti ni ya bahari tu. Huko Atlantiki dhoruba hupandishwa daraja na kupewa jina hilo upepo wake ukifika kilomita 119 kwa saa, na daraja la tano, lililo la juu kabisa, huanzia kilomita 252 kwa saa. Kwetu, kwa bahati mbaya, neno kimbunga hutumiwa hata kwa upepo wa ghafla unaopindua mitumbwi katika Ghuba ya Winam au kuezua mabati ya shule. Upepo huo huua, na wavuvi wa Dunga wanajua hivyo kuliko mimi, lakini hutokana na mawingu ya radi ya ziwani ambayo maisha yake ni saa chache. Mafuriko nayo, tangu yale ya 1997 na 1998, tumezoea kuyaita elnino hata pale ambapo kupata joto kwa maji ya Bahari ya Pasifiki, ndiko jina hilo linakohusu, hakuhusiki hata kidogo. Watu wakiitwa kwa majina yaliyochanganywa kukimbia hatari tatu zilizo tofauti, hawatajua wakimbilie wapi.

Wengi hudhani kwamba kimbunga huua kwa upepo. Upepo wake ni wa kutisha kweli, kwa kuwa kasi ikiongezeka maradufu msukumo wake juu ya ukuta au paa huongezeka mara nne, lakini muuaji mkubwa ni maji. Upepo unaovuma kuelekea nchi kavu kwa saa nyingi huisukuma bahari na kuirundika ufuoni, hadi usawa wa bahari wenyewe unapanda kwa mita kadhaa, na juu ya usawa huo mpya ndipo mawimbi ya kawaida hupanda. Maji hayo huingia ndani ya nchi na kukaa. Pwani ambayo bahari yake ina kina kifupi kwa umbali mrefu, na ardhi yake ni tambarare, ndiyo iliyo hatarini zaidi, kwa sababu maji yanayosukumwa hayana pa kushukia. Ndiyo sababu kimbunga Bhola cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000 katika nchi ambayo sasa ni Bangladesh, na ndiyo sababu mwaka wa 2005 kimbunga Katrina, kule Marekani, kiliipandisha bahari zaidi ya mita nane kwenye pwani ya Mississippi, huku kuta za kuzuia maji za New Orleans zikibomoka na takriban asilimia 80 ya jiji hilo ikifunikwa na maji. Hata mahali ambapo watu wameokolewa, maji ya chumvi huacha visima visivyonyweka na mashamba yasiyoota kitu kwa misimu kadhaa.

Kwa upande wetu wa Afrika, kimbunga Idai kilitua karibu na Beira usiku wa tarehe 14 Machi 2019. Kilikuwa kimepita Msumbiji na Malawi mwanzoni mwa mwezi huo kikiwa bado mvua tupu, kikarudi baharini, kikajilisha upya, kisha kikarejea na nguvu zote. Bahari ilipanda mjini Beira, lakini maafa makubwa yalikuja baadaye, mito ya Buzi na Pungwe ilipofurika na kuzigeuza tambarare za Sofala kuwa ziwa ambalo watu walikaa juu ya miti na mapaa wakisubiri mashua. Zaidi ya watu 1,000 walipoteza maisha katika nchi za Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Wiki sita baadaye Kenneth ilipita Ngazija na kutua Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ikiwa na upepo wa kilomita 220 kwa saa. Vimbunga viwili vya nguvu kiasi hicho havikuwa vimewahi kurekodiwa vikiipiga Msumbiji katika msimu mmoja.

Sasa nije kwetu, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa kuwa ndipo lilipo jambo lenyewe. Katika nusu ya kusini ya dunia, upepo wa kimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Maana yake ni kwamba upande wa kaskazini wa kimbunga, ulio karibu na sisi, upepo huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kimbunga kikiwa mashariki ya Madagaska, ambayo watu wa pwani tangu zamani waliiita Bukini, mvuto wake huweza kuichukua hewa yenye unyevu kutoka misitu ya Kongo, ikaipitisha juu ya Ziwa Victoria na kuipandisha kwenye milima yetu, na sisi tukapata mvua nyingi. Kimbunga kikiwa upande wa magharibi wa kisiwa hicho, yaani katika mlango wa bahari wa Msumbiji, unyevu ambao ungetujia huelekea kwake, na sisi tukabaki na mbingu kavu. Kisiwa ni kimoja, na upande ambao kimbunga kimekaa huweza kuamua kama Machi yetu itakuwa ya matope au ya vumbi.

Mifano miwili ilifuatana kana kwamba imepangwa kwa ajili ya darasa. Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilipita upande wa mashariki wa Madagaska, upepo wa magharibi ukatanda juu ya Afrika Mashariki, na masika ya mwaka huo yakawa miongoni mwa masika yenye mvua nyingi kupita kiasi katika kumbukumbu za Kenya. Ulikuwa ndio msimu ambao bwawa la Solai, katika Kaunti ya Nakuru, lilibomoka usiku wa tarehe 9 Mei na kuua watu zaidi ya 40. Sisemi kwamba vimbunga vya Machi ndivyo vilivyolibomoa bwawa la Mei. Mvua ya msimu mzima ina vyanzo vingi, na bwawa lina maswali yake ya ujenzi na ukaguzi. Ninachosema ni kwamba mwanzo wa msimu ule uliandikwa mbali sana na Solai. Mwaka uliofuata Idai ilikaa upande wa pili wa kisiwa, na masika yakachelewa nchini kote. Idara yetu ya hali ya hewa yenyewe ilieleza wakati ule kwamba kimbunga hicho kilikuwa kimeuvuta unyevu uliotarajiwa.

Mimi ni mmoja wa waliopanda mwezi huo. Nina ekari moja na nusu kule nyumbani Luanda, katika Kaunti ya Vihiga, na baada ya manyunyu ya siku mbili mwanzoni mwa Machi 2019 nilitia mbegu na mbolea kama alivyokuwa akifanya marehemu baba yangu. Jua liliwaka kwa wiki nyingi. Mahindi machache yaliyochipuka yalikauka yakiwa na majani mawili, na mengine yalifukuliwa na ndege. Nilinunua mbegu mara ya pili, na majirani zangu waliokosa pesa za mbegu ya pili walipanda viazi vitamu au waliacha shamba likiwa wazi. Ninafundisha somo la Jiografia. Nilikuwa nimewachorea wanafunzi wangu Idai ubaoni, nikawaonyesha jicho lake na ukuta wa mawingu unaolizunguka, nikasikitika nao kwa ajili ya Beira, na sikuwahi kuwaambia, wala kujiambia, kwamba picha ile ile ilikuwa ikinikataza kupanda.

Kuna njia nyingine ambayo vimbunga vilitufikia, nayo ilichukua muda mrefu zaidi. Mwezi Mei 2018 kimbunga Mekunu, na mwezi Oktoba mwaka huo huo kimbunga Luban, vilinyesha mvua kubwa katika jangwa la Rub' al Khali kusini mwa Arabuni, mahali ambapo miaka mingi hupita bila mvua ya maana. Mchanga ulishika unyevu, majani yakaota, na nzige wa jangwani wakazaliana vizazi vitatu mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuwaona. Walivuka hadi Yemeni na Pembe ya Afrika, kimbunga Pawan kikainyeshea Somalia Desemba 2019, na kabla mwezi huo haujaisha makundi yalikuwa yameingia Kenya kupitia kaskazini mashariki, uvamizi ambao haukuwa umeonekana nchini kwa miaka 70. Wafugaji wa Samburu na Baringo waliopiga mabati na madebe kuwafukuza walikuwa wanapambana na mvua iliyonyesha Arabuni mwaka mmoja na nusu kabla.

Bahari Hindi inazidi kupata joto, na hewa hubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi linatarajia kwamba sehemu ya vimbunga vilivyo vikali itaongezeka hata kama idadi ya vimbunga vyote haitaongezeka. Mwaka wa 2023 Freddy ilizaliwa karibu na Australia, ikaivuka Bahari Hindi yote, ikaishi zaidi ya wiki tano, ikaipiga Msumbiji mara mbili na kuiporomoshea milima ya Blantyre nchini Malawi tope na mawe. Mwezi Oktoba mwaka huo Otis, kule Meksiko, iligeuka kutoka dhoruba ya kawaida hadi daraja la tano katika muda wa siku moja, na wakazi wa Acapulco waliolala wakitarajia mvua waliamshwa na mapaa yakiruka.

Najua watakaosema kwamba mkulima hawezi kukizuia kimbunga, hivyo kumweleza ni kumwongezea hofu. Bangladesh inajibu. Baada ya Bhola, nchi hiyo maskini iliunda mpango wa wahudumu wa kujitolea wanaopita vijijini na vipaza sauti na bendera, ikajenga makimbilio ya zege yaliyoinuliwa juu ya nguzo, na kimbunga Sidr kilipoipiga mwaka wa 2007 waliokufa walikuwa takriban 3,400. Hao ni wengi, na kila mmoja alikuwa mtu wa mtu, lakini si laki tatu. Bahari haikuwa imepungua nguvu. Watu walikuwa wamepata habari kwa lugha yao, siku chache kabla, kutoka kwa mtu wanayemjua.

Kwetu hatuhitaji makimbilio ya zege. Msimu wa vimbunga kusini magharibi mwa Bahari Hindi huanza Novemba na kwa kawaida huisha Aprili, na mwezi wake wa Machi ndio mwezi wetu wa kupanda. Kituo cha kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska, kinachofuatilia vimbunga vya eneo hilo, hutoa mwelekeo wa kila kimbunga siku kadhaa kabla, na wataalamu wetu wa hali ya hewa huupata. Habari hiyo ikifika Kisumu huwa imebaki sentensi moja ya kututuliza. Ni kweli kwamba upande wa Madagaska hauamui kila kitu. Joto la Pasifiki, na tofauti ya joto kati ya mashariki na magharibi ya Bahari Hindi, vina sauti kubwa katika mvua zetu. Lakini mkulima anayeambiwa kwamba manyunyu ya leo yana kimbunga nyuma yake katika mlango wa Msumbiji anaweza kusubiri siku kumi, na siku kumi zingeniokolea mfuko wa mbegu.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi mwisho wa Aprili, kando ya utabiri wa mvua katika ukurasa wa kilimo, chapisha ramani ndogo ya Afrika Mashariki na Bukini, yenye alama mahali kilipo kimbunga chochote chenye jina, pamoja na sentensi mbili za Kiswahili zinazoeleza unyevu wetu unaelekea wapi. Mimi nitaibandika kwenye mlango wa darasa kila wiki na kuwataka wanafunzi wainakili waende nayo nyumbani, kwa kuwa wengi wao ndio wanaowasomea gazeti babu na nyanya zao, yule wa Nyando akiwemo.

Mwalimu wa Jiografia,
Kisumu